Je, okestra ya vijana Mwanza iipige Simfoni ya Pili ya Mahler?

Mwalimu, pole na majukumu. Umeuliza kama vijana wako waipige yote simfoni hii ya mtunzi Gustav Mahler, Desemba, kanisani. Yote, hapana, na wala si kwa sababu hawana kipaji. Kazi hii, iliyosikika kamili mara ya kwanza Berlin mwaka 1895, inakaribia saa moja na nusu na inadai honi 10 (ala za shaba za kupuliza), na nyingine zinapigwa nje ya jukwaa. Kinanda hakiwezi kuziba pengo la honi hizo.

Anzeni na sehemu ya nne. Ina dakika 5 hivi, inataka mwimbaji mmoja wa alto (sauti nzito ya kike), na mara tu anapofungua kinywa tarumbeta na honi zinamjibu taratibu, kama tenzi. Hapo ndipo utajua nani ana pumzi.

Kisha tumia utajiri wenu, yaani kwaya! Katika sehemu ya tano waimbaji huingia kwa sauti ya chini mno, karibu bila vyombo. Waandikie kwa sol-fa (do, re, mi), ndiyo wanayoisoma wengi. Maneno ya Kijerumani wafundishe silabi kwa silabi, na waanze wakiwa wamekaa. Besi wasioifikia ile noti ya chini kabisa wanyamaze, wasiipandishe oktava.

Desemba isahau, tafadhali. Mvua ya vuli ikishuka juu ya bati, mnong'ono wa kwaya hautafika hata benchi la pili. Panga Julai, na honi mbili ziweke nje ya mlango wa nyuma, mlango ukiwa wazi.