Maswali ya Wasomaji: Kadi ya gofu imeharibika, nianzie wapi?

SWALI: Assalamu alaykum. Nacheza gofu ya ridhaa, huu ni mwaka wa pili, na handikapu yangu ya kiwanja (mikwaju ya ziada ninayopewa) ni 24. Jumamosi nilicheza mashimo 18 kiwanja cha Mangapwani. Nilianza na bogi mbili (mkwaju mmoja zaidi ya pa, idadi iliyowekewa shimo), moyo ukatulia. Kisha kwenye pa 4 moja mpira wa kwanza ukatoka nje ya mpaka. Nikapiga mwengine, ukaingia kwenye mawe ya matumbawe. Nikapambana nao humo mara tatu ndipo ukatoka, mkwaju mmoja ukanifikisha griini, kwenye ukoka mfupi wenye shimo, nikaputi (nikausukuma kuelekea shimoni) mara tatu: 10. Kabla duru ya kwanza haijesha, pa 4 nyengine mbili zikanipa 9 na 9. Nimemaliza na 112. Tangu siku hiyo kila jioni nabadilisha mshiko uani, na naona nazidi kuharibu. Nifanye nini?
Msomaji, Bububu

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yetu. Mshiko uache kama ulivyokuwa Jumamosi asubuhi. Mshiko ule ule ndio uliokupa bogi mbili za mwanzo, na hakuna dalili yoyote katika maelezo yako kwamba ndio uliokuangusha. Chukua kadi na penseli, kaa chini, tuisome pamoja.

Mashimo matatu peke yake yamekula mikwaju 28. Mashimo 15 yaliyobaki umepiga 84, yaani wastani wa 5.6, jambo ambalo si baya hata kidogo kwa mtu wa 24. Lau yale matatu ungeyamaliza kwa dabo bogi, yaani miwili juu ya pa, 6 kila moja, kadi ingesoma 102. Mikwaju 10 imepotea pahala patatu tu. Mtu asiyefanya hesabu hii hurudi nyumbani akiamini kwamba amesahau kucheza, akaanza kubomoa hata kilichokuwa kizima.

Sasa tulitazame lile la 10. Mpira uliotoka nje umekugharimu mkwaju mmoja na adhabu moja, kwa hiyo ule ulioingia kwenye mawe ulikuwa mkwaju wa tatu. Hapo ndipo ulipotakiwa kusimama. Sheria inakuruhusu kusema mpira hauchezeki, ukubali adhabu ya mkwaju mmoja, kisha uchague mojawapo ya njia tatu: kurudi ulipopigia mwanzo, kurudi nyuma kwa mstari unaounganisha shimo na ulipo mpira, umbali wowote utakao, au kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipo, bila ya kulisogelea shimo. Unapima kwa fimbo yako ndefu kuliko zote isipokuwa ya kuputia, na unaudondosha kutoka usawa wa goti. Ungefanya hivyo, adhabu ingekuwa wa nne, wa tano ungefika griini, na hata kwa puti zile zile tatu ungeandika 8. Kwa puti mbili, 7. (Tazama vigingi kwanza: kama mawe yamo ndani ya vigingi vyekundu, vya eneo la adhabu, njia hii haitumiki humo. Unalipa mkwaju mmoja vile vile, lakini fimbo mbili unazipima kutoka pale mpira ulipovukia mpaka wa vigingi hivyo.)

Matumbawe hayana huruma. Mpira uliokwama juu yake hauna ukoka chini wa kusaidia fimbo kupita; fimbo hugonga jiwe kwanza, uso wake hugeuka, na mpira huruka kokote. Fimbo hubaki na pengo na kifundo cha mkono huuma wiki nzima. Anayecheza pwani aweke kanuni yake mapema, kabla hajatoka nyumbani: mpira ukiwa juu ya jiwe, nadondosha. Kanuni iliyowekwa mapema haishindani na hasira.

Na hizo 9 mbili zilizofuata? Tunadhani ni watoto wa lile la 10. Hata mabingwa huwapata. Aprili 2011 Rory McIlroy aliingia siku ya mwisho ya mashindano makubwa ya Masters akiongoza kwa mikwaju minne. Shimo la 10, ambalo ni pa 4, akaandika 7. La 11 akapata bogi, la 12 dabo bogi, na siku ikaisha kwa mikwaju 80. Wiki kumi baadaye alishinda mashindano ya US Open kwa tofauti ya mikwaju minane.

Mwili wenye ghadhabu hufanya vitu vitatu: vidole hukaza fimbo, fimbo hupelekwa nyuma kwa ufupi na kwa haraka, na mikono iliyokakamaa huchelewa kuuzungusha uso wa fimbo. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia uso hubaki wazi na mpira hukatia kulia. Ndiyo maana mtu hudhani ana kasoro ya mshiko, kumbe ana kasoro ya dakika kumi. Kwa hiyo kwenye tii (pa kuanzia shimo) inayofuata shimo baya, draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ibaki mkobani. Chukua fimbo ambayo ukipiga mara kumi, mara nane inakwenda mbele, hata kama ni chuma cha 7. Shika kwa nguvu ya nne katika kumi. Toa pumzi yote nje mara moja, polepole, mabega yashuke. Chagua alama ndogo ya kulenga, tawi au ukingo wa banka (shimo la mchanga), upige. Usivute muda pale. Sekunde 40 zinatosha mkwaju wowote, na anayesimama zaidi anayapa nafasi mawazo ya shimo lililopita.

Kedi, mbeba mkoba wako, muulize umbali tu. Na wenzako wakianza kukufundisha namna ya kupiga katikati ya mashindano, waombe kwa adabu wangoje mpaka mwisho, kwani mshindani akikupa ushauri yeye hupata adhabu ya mikwaju miwili, na wewe pia ukimwomba. Umbali si ushauri, huo muulizane mtakavyo.

Kuna jambo moja ambalo wachezaji wa viwanja vikubwa hawakabiliani nalo. Kiwanja cha Mangapwani kina mashimo 9, kwa hiyo raundi ya 18 ni kuzunguka mara mbili. Shimo lililokuumiza utalikuta tena baada ya saa mbili hivi. Ukilifikia bila ya mpango, utapiga kwa kulipiza kisasi. Mpango uandike pembeni mwa kadi duru ya kwanza inapokwisha, wakati unakunywa maji: fimbo gani kwenye tii, mpira utue wapi, na wapi hutaki kabisa kuwa. Shimo hilo lihesabu kuwa ni pa 6 kwako. Mkwaju wa kwanza uishie kabla ya mawe, wa pili uyapite kwa nafasi, wa tatu au wa nne uingie griini, puti mbili. Hiyo ni 5 au 6, na hakuna hata mkwaju mmoja wa kishujaa ndani yake.

Kuhusu handikapu usikose usingizi. Kwa mfumo wa dunia ulioanza 2020, shimo moja haliwezi kuhesabiwa zaidi ya pa, jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa kwenye shimo hilo. Mwenye 24 hupewa mmoja kila shimo, na wa ziada kwenye mashimo sita magumu zaidi. Kwa hiyo 10 yako kwenye pa 4 inaingia kama 7, au 8 kama shimo hilo ni katika yale sita. Tena handikapu hutokana na raundi 8 bora katika 20 za mwisho. Ya Jumamosi haitakuwamo kati ya hizo 8. Itakugusa tu ikiwa imeisukuma nje raundi kongwe iliyokuwa nzuri.

Kadi za raundi tatu zijazo zipige alama: A kwa kila adhabu, P kwa kila puti ya tatu, J kwa kila mkwaju wa kujiokoa ulioshindwa kuokoa. Alama ipi imejaa, hiyo ndiyo kazi yako uwanjani. Ikiwa ni P, tatizo mara nyingi ni umbali, si mwelekeo: putia kutoka hatua 5, 10 na 15, mipira sita kila moja, ukihesabu ni mingapi imesimama ndani ya hatua moja ya shimo. Mshiko uguswe tu ikiwa mpira unakwenda upande ule ule siku ambazo hujakasirika.

SWALI: Kusi likivuma usoni, kila nikiongeza nguvu mpira unapanda juu kisha unaanguka karibu. Siku za upepo kadi yangu haitazamiki. Ni kosa gani?
Msomaji, Mbweni

JIBU: Nguvu ndiyo kosa, dada. Ukipiga kwa kasi zaidi mpira huzunguka kinyumenyume zaidi, na mzunguko huo ukikutana na upepo wa mbele huunyanyua. Chukua fimbo moja au mbili kubwa zaidi (za kupeleka mbali zaidi), shika chini kidogo kwenye mpini, mpira uweke nusu upana wa mpira nyuma ya ulipozoea, piga robo tatu, na umalizie mikono ikiwa usawa wa kifua. Kadirio linalotumiwa sana: upepo wa kilomita 16 kwa saa usoni huongeza umbali kwa kiasi cha asilimia 10, hivyo mita 130 zichezwe kama 143. Ukiwa mgongoni, nusu yake tu ndiyo unayoipata. Na usitumie kwenye duru ya pili fimbo ulizotumia asubuhi bila ya kutazama bendera upya. Mchana upepo wa bahari huwa umeongezeka.

SWALI: Nina miaka 61. Mashimo 13 nacheza vizuri, manne au matano ya mwisho naharibu kila wiki. Miezi ya kaskazi ndiyo mibaya zaidi.
Msomaji, Kiembesamaki

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mtindo wa kuharibu mwisho tu, tena wakati wa joto, ni wa mwili unaoishiwa maji na chakula. Miguu ikichoka haizunguki, mikono hufanya kazi peke yake, na mpira hupigwa juu juu. Kunywa mafunda machache kila shimo kuanzia la kwanza, usingoje kiu. Lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hurudisha jasho lililotoka. Mwenye sukari au presha amuulize daktari wake kwanza. Ndizi moja shimo la 6, nyengine la 12. Kuanzia la 14 panda fimbo moja, yaani tumia inayopeleka mbali zaidi, kila mkwaju bila ya kusubiri upungukiwe. Ramadhani cheza mashimo 9 tu, kuanzia saa 10 alasiri; kadi ya mashimo 9 nayo inapokelewa kwenye handikapu.

SWALI: Nikishafikisha 9 shimo moja, naruhusiwa kuokota mpira nikaondoka?
Msomaji, Fuoni

JIBU: Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju yote, hapana. Usipoutia mpira shimoni na ukaanza shimo linalofuata bila ya kurekebisha, unatolewa. Lakini wenyewe kwa wenyewe chezeni kwa pointi za Stableford, mtindo wa daktari Mwingereza uliotumika mashindanoni Wallasey mwaka 1932. Baada ya kutoa mikwaju ya handikapu, pa ni pointi 2, bogi 1, moja chini ya pa ni 3, na dabo bogi au zaidi ni 0. Ukiona hata pointi moja haipatikani tena, okota mpira, andika 0, shika bendera wenzako waputi.