Pangaboi la zamani, tiketi ya mapema na ming'oko iliyopanda basi

Mwalimu mmoja wa Newala ameniandikia juzi: "Kaka, nina kikao Dar mwezi ujao. Nipande ile ndege ya pangaboi ya Mtwara au nikomae na basi? Nasikia imechoka." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo limenigharimu.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Kilwa, mimi nilikuwa Dar, tiketi ya basi mfukoni, mama anaumwa Mtwara. Nikaenda kiwanja cha ndege kama mtu anayekwenda stendi. Tiketi ya siku ileile! Ile pesa nilikuwa nimeitenga kwa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, yote ikaishia dirishani. Kisha mzigo ukapimwa. Katoni mbili za mama zilizidi kilo, nikaanza kufungua na kutoa mbele za watu, na shemeji yangu aliyenisindikiza akasema kwa sauti, "Wewe na ndege wapi na wapi?" Mama alipona. Kauli ya shemeji bado ninayo.

Basi mwezi uliopita nimekwenda Dar na kurudi kwa ndege, tiketi nimekata wiki sita kabla. Daraja la kawaida, begi moja. Ndege yenyewe ya zamani kweli: kitambaa cha kiti kimepauka, na kwenye mkono wa kiti kuna kisahani cha majivu ya sigara kilichozibwa, alama ya enzi watu walipokuwa wakivuta sigara angani. Ilipowasha mapanga nikashika kiti. Mzee wa jirani, fundi wa ndege mstaafu, akanicheka. Alisema ndege haipimwi kwa miaka tu. Huhesabiwa saa za kuruka na mara ilizopaa na kutua, na vipuri vingi hubadilishwa kwa hesabu hiyo, vikiwa bado vinafanya kazi. Kelele ni mapanga, akasema, ukitaka nafuu usikae usawa wake. Na kwa kuwa mabawa ya ndege hizi yako juu, dirishani unaona chini vizuri. Nimeiona delta ya Rufiji, mito imejigawa kama mizizi ya mkoko. Kwa basi Rufiji naijua kwa Daraja la Mkapa tu, tena nikiwa nasinzia.

Saa moja na kidogo, badala ya kutwa nzima.

Lakini ndugu zangu, tusidanganyane. Wapo wanaopokea malipo ya korosho leo, kesho wanakata tiketi ya bei ya juu ili wapige picha ngazini, na msimu wa salfa ukifika wanakopa. Kata mapema. Narudia, kata mapema! Na hesabu yote: wewe wa Newala utalala Mtwara ndipo uwahi ndege, ukifika Dar kuna nauli ya kuingia mjini. Ikizidi mfuko wako, panda basi, hakuna atakayekufa.

Mwalimu, tarehe ya kikao unaijua tayari, kwa hiyo nunua wiki hii. Kwenda na kurudi omba kiti cha dirishani. Zawadi za ndugu tanguliza kwa basi. Ming'oko yangu, vile viazi pori vya kwetu, ilisafiri hivyo, ikafika siku moja kabla yangu, na shemeji ndiye aliyeipokea stendi.