Kwa nini mlango unafunguka nikiandika FUNGA?

Swali: Ninatunga mchezo wa maandishi kwa Kiswahili nikitumia The Quill, chombo cha kutungia michezo hiyo, kwenye programu inayoiga kompyuta ya zamani ya ZX Spectrum. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipoweka mlango. Nikiandika FUNGA MLANGO, unafunguka. Nikiandika SOMA KITANDA, naletewa maneno ya kitabu! Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Tanga*

Jibu: Hujakosea popote, mwalimu, na programu yako ni nzima. The Quill huangalia herufi nne tu za mwanzo za kila neno. Kwake FUNGA na FUNGUA zote ni FUNG. KITABU, KITANDA na KITAMBAA zote ni KITA.

Sababu yake ni kumbukumbu ya kompyuta. Graeme Yeandle aliiandika The Quill kwa kampuni ya Gilsoft ya Wales, ikatoka mwaka 1983. Spectrum kubwa ya wakati ule ilikuwa na kilobaiti 48, na kati ya hizo baiti 6,912 huliwa na skrini. Kinachobaki hugawanywa kati ya programu yenyewe, maelezo ya mahali, ujumbe na msamiati. Kila neno la msamiati likapewa baiti tano: nne za herufi na moja ya namba. Maneno yenye namba ileile huhesabiwa kuwa na maana moja, kwa hiyo CHUKUA na BEBA ukiyapa namba ileile, mchezaji atatumia analotaka.

Kwa Kiingereza herufi nne hutosha mara nyingi. Sisi vitenzi vyetu hutofautiana mwishoni, na majina mengi ya vitu huanza na ki-, kwa hiyo herufi mbili za kwanza hupotea bure. Hata KISIMA na KISIWA hugongana.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kubadili maneno: badala ya kitambaa weka leso, badala ya kitanda weka godoro, na mlango ukomewe badala ya kufungwa. Hata hivyo lazima umdokeze mchezaji ndani ya maelezo, kwa mfano “mlango una komeo la chuma”, la sivyo ataendelea kuandika FUNGA na kukasirika, na atakuwa na haki.

Ya pili ni kuiachia hali ya mchezo iamue. Mlango uliofungwa uwe kitu namba 7 na uliofunguliwa namba 8. Katika jedwali la matukio, chini ya FUNG MLAN, weka sharti PRESENT 7 (kitu namba 7 kipo hapa) na matendo SWAP 7 8 (weka 8 mahali pa 7) na OK (amri iishie hapo, la sivyo ingizo linalofuata litaurudisha mlango), kisha ingizo la pili lililo kinyume chake. Nadhani ndivyo ulivyofanya, maana ndiyo inayozaa tatizo lako: amri moja inageuza mlango upande wowote ulipo. Kwa mlango siipendekezi. Kwa kitabu na kitanda inafaa sana, mradi visikae chumba kimoja. Sharti la AT (mchezaji yuko mahali fulani) au PRESENT litavitenganisha.

Ya tatu ndiyo ningeichagua mimi: hamia PAW (Professional Adventure Writer), programu iliyoifuata The Quill kutoka Gilsoft hiyohiyo. Yenyewe husoma herufi tano, na kwa Kiswahili herufi hiyo moja ni ukombozi. FUNGA hubaki FUNGA, FUNGUA huwa FUNGU. KITAB, KITAN na KITAM huachana. KISIM na KISIW vilevile. Gharama ni baiti saba kwa neno badala ya tano. Msamiati wa maneno 200 utakula 1,400 badala ya 1,000, yaani baiti 400 zaidi, takriban aya moja ya maelezo. Kata aya hiyo bila huruma.

Kukatwa huko kwa maneno kuna faida yake pia. MLANGO na MLANGONI ni neno moja bila wewe kufanya lolote. Na kwa kuwa maneno yasiyo kwenye msamiati hurukwa, “fungua ule mlango” inaeleweka. Ila watu wetu huandika pia UFUNGUE na UCHUKUE, hasa wenye adabu. Ziingize hizo nazo, kila moja na namba ya kitenzi chake, kabla hujampa mwanafunzi wa kwanza mchezo aujaribu.