Jina Lako Halimo kwenye PDF, Ufanyeje?

Kukosa ajira serikalini kuna hatua zake, na kila hatua huuma kivyake. Kwa hiyo wewe uliyefungua PDF ya majina juzi ukajikosa, kabla hujajiita mtu wa mikosi, angalia kwanza umekwamia wapi.

Kama hukuitwa hata kwenye usaili, hakuna aliyepima akili yako. Zilizopimwa ni karatasi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali Tanzania, husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wanataka vyeti vyenyewe, tena vilivyothibitishwa. Fungua akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao wao wa kuombea kazi, pitia kimoja kimoja, angalia na majina kama yanafanana kote. Jioni moja inatosha. Usilie.

Usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kwanza wa kupunguza watu, ndio unaovunja wengi. Umepanda basi hadi Dodoma, umelala sebuleni kwa binamu, asubuhi unakuta umati wa watu wanaotaka nafasi za kuhesabika. Hapo kufaulu na kuchaguliwa ni vitu viwili. Unaweza kupata alama nzuri ukaachwa, kwa sababu wanachukua wa juu kulingana na nafasi zilizopo. Mimi nilianza kuandika alama zangu kwenye daftari. Jina lilikuwa halitokei, lakini alama zilikuwa zinapanda, na hizo ndizo zilizonirudisha mezani kusoma. Maneno ya "Mungu ana makusudi yake" sikuyakataa, ila hayakunifundisha jibu la swali hata moja.

Na usome vya sasa. Fani yangu ni ununuzi na ugavi. Madesa, yaani notisi tulizorithishana chuoni, yalikuwa ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, wakati Bunge lilishapitisha nyingine 2023. Mtu anakariri sheria iliyofutwa, halafu akifeli anasema kazi ni za kujuana! Sisemi kujuana hakupo. Nasema ukishaamini kwamba ndiko kulikokukosesha kila mara, hutashika kitabu tena.

Ukifika mahojiano ya ana kwa ana ukafaulu lakini nafasi zikajaa, unaweza kuwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, na kuitwa baadaye. Rafiki yangu aliitwa hivyo akiwa ameshafungua duka la madaftari na ameacha hata kufuatilia. Basi simu yako iwe hewani na namba uliyojaza usiibadilishe ovyo.

Siku ya matokeo mimi huzima data mpaka jioni, maana magrupu ya WhatsApp siku hiyo ni msiba na harusi kwa pamoja. Nyumbani pia weka utaratibu. Mama alikuwa akiniuliza kila wiki, "Vipi mwanangu, wamesemaje?" Nikamwambia, "Mama, wakiniita wewe ndiye wa kwanza kujua, tusiulizane kabla." Alikubali, ila alfajiri akaanza kuomba kwa sauti ya juu zaidi, makusudi nimsikie.

Huku nyuma nilishika kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mshahara mdogo, lakini bosi tulielewana tangu mwanzo kwamba siku za usaili nitaomba ruhusa, na hesabu za stoo zilinipa mifano ya kujibia maswali. Na la mwisho: anayekupigia akidai ana mtu ndani, utume hela kidogo jina lipite, mkatie simu.