Gia inateleza gari likipata moto

SWALI: Gari langu ni la zamani, dizeli, otomatiki. Likishapata moto, nikikanyaga mafuta mlimani injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Fundi anataka kushusha giaboksi. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado, ndugu yangu. Anza na oili ya giaboksi. Magari mengi hupimwa injini ikiwa inafanya kazi na oili ikiwa ya moto, ila fuata kitabu cha gari lako. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Kisha pangusa kijiti cha kupimia oili hiyo kwa kitambaa cheupe, unuse. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi zimelika, na hapo fundi wako ana hoja.

Oili ikiwa safi, aikague kebo ya giaboksi inayofuata akseleta, kama gari lako linayo. Inanisikitisha jinsi inavyorukwa, maana ikilegea, presha ya oili hushuka na klachi hazibani sawasawa. Apime presha hiyo kwa geji kabla ya kufungua chochote. Kwa sasa usililazimishe mlimani. Kila linapoteleza, joto linazila klachi zilizobaki.