Keki za unga wa ndizi mbichi na njaa inayorudi upesi

SWALI: Naoka keki za vikombe kwa nusu unga wa ngano, nusu unga wa ndizi mbichi, maana nimesikia wanga wake unashibisha muda mrefu. Wateja wanasema baada ya saa moja njaa imerudi palepale. Nakosea wapi?
Muokaji, Bukoba

JIBU: Ndizi zako hazina kosa, tatizo ni maji ya rojo. Wanga wa ndizi ni sugu ukiwa mbichi tu, kwa sababu chembe zake zimefungamana hata vimeng'enya vya utumbo mwembamba vinashindwa kuzivunja. Koroga kijiko kimoja cha unga huo kwenye maji baridi: unatua chini. Ubandike jikoni, na joto likipita nyuzi 70 hivi unavimba, unanata, umekuwa uji. Hapo usugu umekwisha. Rojo la keki lina maji tele, na katikati ya keki joto hupita nyuzi 90. Ikipoa, wanga kidogo hujifunga upya, lakini ni kidogo kweli.

Hamia kwenye biskuti kavu, ambazo donge lake lina maji machache mno kwa wanga kuvimba hata kwenye joto la oveni: unga wa ngano gramu 200, wa ndizi 100, siagi 100, sukari 60, yai moja, chumvi nusu kijiko cha chai. Unga wa ndizi hunywa maji, hivyo donge litapasukapasuka. Usiongeze maji, lifunike dakika 20 lilainike lenyewe. Sukuma unene wa milimita 5, oka nyuzi 160 kwa dakika 15 hadi 18. Na ndizi zianikwe mbichi, zikiwa kijani na ngumu. Ukizichemsha kwanza, umeshaharibu.

Kuhusu hamu ya kula, wateja waambiwe ukweli. Wanga sugu huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na asidi zinazotokea huamsha homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo usiitegemee ndani ya saa moja. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, uliochapishwa 2010, wanaume waliopewa gramu 48 za wanga sugu katika milo miwili walipunguza kula baadaye, ingawa wenyewe hawakujisikia wameshiba zaidi. Sasa piga hesabu: hata gramu 100 za unga wako zikiwa na gramu 50 za wanga sugu, na zitoe biskuti 30, kila moja haifiki gramu 2. Usiandike kwenye pakiti kwamba zinakata njaa. Anayetaka kukaa hadi mchana ale mbili tatu pamoja na maziwa au karanga.