Hao vidude wa kijivu chini ya gogo

Dada, hao vidude uliowapiga picha msitu wa Karura, Nairobi, chini ya gogo karibu na mto (Kiingereza wanaitwa woodlice) si wadudu hata, ni ndugu za kaa na kamba walioamua kuishi nchi kavu, hesabu miguu utapata 14, jongoo naye ana mingi zaidi na kila pingili ina jozi mbili. Sasa uliuliza mbona pale chini mtoni wamejaa na ukipanda juu hupati wale wale. Ni maji tu. Wanapumua kwa viungo kama matamvua viko chini ya tumbo, lazima vibaki na unyevu, na ngozi yao haishiki maji vizuri, kwa hivyo kila aina yao ina pake: wale wadogo weupe hivi wanang'ang'ania udongo uliolowa na majani yanayooza, wale bapa wenye mbio wanakaa chini ya mawe na maganda ya miti, halafu wanaojikunja kama gololi ndio huvumilia pakavu kiasi. Duniani ziko spishi zaidi ya 3,500 bana. Jike hubeba mayai kwa mfuko tumboni, karibu kama kangaruu. Hawaumi, ila rudisha gogo vile ulilipata.